Fundi wa grinda, lignokeini isiyoandikwa, na hesabu ya kilo 54

Kila tukikaa watu wa usingizi, yaani sisi tunaowalaza wagonjwa na kuwatia ganzi wakati wa upasuaji, swali linarudi lile lile, mkono ukitaka kuutia ganzi utumie lignokeini au bupivakeini, na watu wanabishana kama Simba na Yanga, huyu anasema lignokeini inashika haraka, yule anasema bupivakeini inadumu, basi mwisho wa siku kila mtu anarudi kutumia ile aliyoizoea au ile iliyobaki kabatini. Mi nimechoka kubishana, naleta kisa kimoja tu, kilinitokea kwenye hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja, na nitakieleza chote pamoja na pale nilipoteleza.

Kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa madirisha ya aluminiamu. Saa tatu asubuhi diski ya grinda imepasuka, kipande kimemkata kifundo cha mkono wa kulia upande wa kiganja, kidonda kimelala kama bangili, damu nyingi mwanzoni ila wenzake wakamfunga na fulana wakamkimbiza kwa bajaji. Anakuja thieta kidole cha kati na cha pete havikunji. Kano zimekatika, hilo halina ubishi, na kwa pale ilipokata lazima uiwaze neva ya mediani, ile ya gumba na kidole cha shahada, maana inapita katikati kabisa, haina pa kujificha.

Nilimpandisha kwenye mzani, kilo 54. Nasisitiza mzani kwa sababu kwa macho ningesema 65, mafundi wanakuwa na mabega yanadanganya. Hizo kilo 11 utaona baadaye zilikuwa na maana gani.

Saa mbili asubuhi alikuwa amekula chapati tatu na chai ya maziwa. Sasa hapo nusu kaputi inaanza kunipa wasiwasi, chakula kizito kinataka muda wa saa sita angalau, mtu asije akatapika kikaingia mapafuni, na mtu aliyeumia tumbo lake halisagi kama la mtu aliyekaa kibarazani, unaweza kusubiri saa nane na bado chapati ipo pale pale inakungoja. Dokta akasema "mpige ketamini tumalize". Ketamini, dawa ya sindano ya kumlaza mtu, ni rafiki yangu sana, ila kushona kano ni kazi ya saa moja na nusu hadi mbili, mgonjwa ana tumbo limejaa, na tatizo lenyewe liko kwenye mkono tu. Nikamwambia dokta naomba nimlaze mkono, mwenyewe abaki macho.

Akakubali. Kumbe kazi ndo ilikuwa inaanza.

Mi nina utaratibu, kabla sijachoma ganzi yoyote ya neva napima kwanza mkono unahisi nini na unafanya nini, naandika. Sababu ni rahisi, ukishaweka ganzi ya kudumu saa kumi na mbili hakuna mtu atakayejua kesho kama kidole kilikufa kwa grinda au kwa sindano yako. Basi nikachukua pamba ya spiriti, nikagusa kidole kidogo, akasema baridi. Kidole cha shahada, nikagusa, kimya. Nikabonyeza kwa ncha ya kalamu, kimya. Kidole gumba ncha yake, kimya. Nikasema tayari, mediani imekwenda na maji. Ila nikamuuliza swali ambalo sijui lilitoka wapi, "mdogo wangu, hiki kidole hakisikii tangu grinda ikukate?" Akajibu "hapana sista, nilikuwa nasikia, kimekufa walipoanza kunichoma dawa kule chini".

Kule chini wapi? Kwenye karatasi ya mapokezi imeandikwa kidonda kimesafishwa, sindano ya pepopunda imetolewa, bandeji. Hakuna neno ganzi. Nikashuka mwenyewe. Afisa tabibu aliyempokea ni kijana mzuri tu, mchapakazi, akasema ndio sista alikuwa analia sana wakati wa kuosha nikamzungushia lignokeini kidogo. Kidogo ni kiasi gani? "Sirinji moja ya kumi." Ya asilimia ngapi? Akanionyesha chupa, asilimia 2.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana hii hesabu watu wengi wanairuka. Asilimia 1 maana yake kila ml ina mg 10. Asilimia 2 ni mg 20. Nusu asilimia, kama ile bupivakeini yetu ya kawaida, ni mg 5. Kwa hiyo sirinji moja ya kumi ya lignokeini asilimia 2 ni mg 200. Kikomo cha lignokeini bila adrenalini, ile inayobana mishipa ya damu ili ganzi isitawanyike upesi, vitabu vingi vinakipa mg 4.5 kwa kilo, kwa huyu kijana ni mg 243. Yaani "kidogo" ya kule chini ilikuwa imeshakula zaidi ya asilimia 80 ya kikomo chake kabla mi sijafungua hata ampuli. Na dawa hizi sumu zake zinajumlishana, usijidanganye kwamba ukihama kutoka lignokeini kwenda bupivakeini unaanza na daftari jipya. Ubongo na moyo haviulizi jina la dawa.

Kama ningekuwa sijauliza lile swali, ningefanya nini? Ningefanya ninachofanya siku zote, sindano ya kwapani zinapopita neva za mkono, ml 20 za bupivakeini nusu asilimia, mg 100, roho safi kabisa, kwa sababu kikomo cha mg 2 kwa kilo kwake ni 108. Juu ya zile 200 za lignokeini. Labda asingepata kitu. Labda ningemwona anasema mdomo una ladha ya chuma, masikio yanavuma, midomo inakufa ganzi, halafu mashavu yanaanza kurukaruka, halafu degedege. Na kwa bupivakeini shida ni kwamba mara nyingine haiendi hatua kwa hatua hivyo, inakwenda moja kwa moja kwenye moyo. Zote mbili zinaziba vijimlango vya sodiamu, ila lignokeini inaingia na kutoka upesi, bupivakeini inaingia upesi na kutoka inajivuta, pigo la moyo linalofuata linakuta bado imekaa mlangoni. Ndo maana mwaka 1979 daktari mmoja wa Marekani, George Albright, alipoandika kuhusu watu waliosimama moyo ghafla baada ya dawa za kundi hili dunia ya usingizi ilishtuka, na miaka michache baadaye ile bupivakeini kali ya asilimia 0.75 ikaondolewa kwa wajawazito kule kwao.

Na dawa ya kumtoa mtu huko ni mafuta ya kwenye mshipa, ile Intralipid ya asilimia 20. Guy Weinberg aliionyesha kwenye panya mwaka 1998, mwaka 2006 ikaripotiwa kwa binadamu, mzee wa New York aliyepigwa ganzi ya bega akasimama moyo, wakamsukuma kifua kama dakika 20 bila mafanikio, wakamwekea mafuta na moyo ukarudi. Kwa kilo 54 ningehitaji ml 81 kwa mkupuo wa kwanza halafu dripu iendelee. Stoo yetu haikuwa nayo hata chupa moja. Tulichokuwa nacho ni oksijeni, ambu begi (mfuko wa kumpulizia mtu pumzi), diazepamu, adrenalini na mikono yetu. (Kuna mtu aliwahi kuniambia propofoli, dawa ya usingizi, ni nyeupe na ina mafuta kwa hiyo inafaa. Haifai. Mafuta yake ni kidogo, na propofoli yenyewe inaushusha moyo ambao tayari unazama.) Kwa hiyo ukiwa sehemu kama yetu ile mg 2 kwa kilo ni ukuta, usiitafutie upenyo.

Basi nikapanda juu nikamwambia dokta tusubiri. Hakufurahi. Orodha ilikuwa na hernia mbili zinangoja, nikamwambia fanya hernia. Kusubiri kulikuwa na faida mbili kwa mpigo, kwanza lignokeini ya kule chini ipungue mwilini, nusu yake huondoka kwa kama saa moja na nusu hadi mbili, na pili kidole kiamke tukipime upya tujue ukweli wa neva.

Wakati tunasubiri nikawa napitia tulicho nacho kabatini, na hapa ndo ule ubishi wa vijiweni unapokuja.

Lignokeini. Ipo ya kawaida na ipo yenye adrenalini. Hii dawa ni mzee wetu, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943, na mpaka leo kwa kazi fupi hakuna anayeipita. Inashika haraka kwa sababu ya mambo ya kemia, kwenye mwili wenye hali ya kawaida karibu robo ya dawa inakuwa kwenye hali ile inayopenya ukuta wa neva, wakati bupivakeini ni kama asilimia 15 tu. Kwenye kwapa dakika 10 hadi 20 mkono umelala. Lakini inadumu saa mbili tatu hivi ukiongeza adrenalini, na mimi nina dokta anayeshona kano kwa utaratibu wake, hana haraka, simlaumu. Na nimeshamaliza bajeti ya lignokeini asubuhi bila kujua.

Bier, yaani kufunga mkono kwa kafu, mkanda wa kubana unaojazwa upepo, na kuingiza lignokeini nyepesi kwenye mshipa wa damu. August Bier alianza nayo mwaka 1908 na ni njia tamu sana kwa mfupa wa kifundo uliovunjika, unamaliza ndani ya nusu saa, mgonjwa anaenda zake. Lakini kafu ikifika dakika 45 hadi saa nzima mtu anaanza kulia na bega, sisi hatuna ile kafu ya mifuko miwili, na ukiachia tu kafu ganzi inayeyuka pale pale, maumivu yote yanarudi mgonjwa akiwa bado mezani. Tena zile chupa kubwa za kutumia mara nyingi zina kihifadhi ndani, siziingizi kwenye mshipa wa damu. Halafu kuna mtu siku moja aliniuliza kwa nini tusifanye Bier na bupivakeini ili idumu. Usifanye. Kamwe. Uingereza watu walikufa kwa hilo, kafu ikivuja dawa yote inaenda kwenye moyo kama imepewa lifti. Wenzetu wa huko wakifanya Bier wanapenda prilokeini, ambayo mwili unaifuta upesi, ila nayo ukizidisha inamfanya mtu awe wa bluu kwa kuharibu damu.

Bupivakeini nusu asilimia ya kawaida, tulikuwa na chupa mbili za ml 20. Na ile nzito ya mgongo, ampuli za ml 4, boksi zima. Nesi wa thieta akaniambia "sista mbona nzito zipo nyingi, fungua tano". Ile nzito imewekwa sukari ili izame kwenye maji ya uti wa mgongo, imepimwa kwa kazi hiyo na dozi zake ni ml 2 au 3, mi siipeleki kwapani. Namshukuru aliuliza kwa sauti, kuna wanaofungua bila kuuliza, maboksi yenyewe yanafanana.

Ropivakeini ningekuwa nayo ningeichukua bila kufikiri. Inadumu karibu sawa na bupivakeini, kwa moyo ni mpole zaidi. Hatuna, tuendelee.

Halafu kuna kokteli. Hii inapendwa sana, nusu lignokeini nusu bupivakeini, eti upate haraka ya huyu na kudumu kwa yule. Mi nilishaifanya miaka mingi na nikaiacha. Ukichanganya nusu kwa nusu umezimua zote mbili, ile lignokeini sasa ni asilimia 1 na bupivakeini ni robo asilimia. Unaokoa labda dakika kumi za mwanzo, unapoteza saa kadhaa za mwisho, na sumu bado unaijumlisha yote. Dakika kumi zenyewe thieta yetu inazipoteza kutafuta taulo. Wapo wanaoipenda na wana sababu zao, kwa mfano dokta mwenye haraka kisu mkononi anakuangalia kama wewe ndo umemcheleweshea mshahara, hapo naelewa. Kwa kijana huyu hata haikufikirika.

Saa sita mchana tukampima tena, mimi na dokta pamoja, hilo nilililazimisha. Kidole kidogo safi. Cha pete upande wa kidole kidogo safi. Cha shahada sasa akasema anasikia, ila "kama kwa mbali, kama nimevaa soksi". Gumba linakuja kukutana na kidole kidogo lakini bila nguvu, ukilivuta linaachia. Kwa hiyo mediani imeguswa ila haijakatika yote. Nikaandika hayo hayo kwenye faili, na neno soksi niliweka, nikaandika saa, nikasaini, dokta akasaini.

Sasa hesabu. Ganzi ya kule chini ilikuwa na saa mbili na nusu. Kwa roho mbaya nikahesabu kwamba nusu yake bado ipo, mg 100, ambayo ni kama asilimia 41 ya kikomo cha 243. Zinabaki asilimia 59 za bupivakeini, na 59 ya mg 108 ni mg 63 na kitu. Nikashusha mpaka 60. Ndo hizo kilo 11 za mabega, ningemwandika 65 ningejipa mg 20 hivi za uongo. Mg 60 ni ml 12 za nusu asilimia. Ml 12 kwa kwapa, bila altrasaundi, ni kujidanganya, zamani tulikuwa tunamwaga ml 30 hadi 40 tukitumaini dawa itatafuta neva yenyewe. Nikaenda kuazima altrasaundi chumba cha picha, ile yenye probu ya bapa ya kuangalia mishipa, probu ya wajawazito haikusaidii hapa inaona mbali mno. Nikazimua zile ml 12 mpaka ml 16, ndani yake nikaweka adrenalini kidogo sana, mikrogramu 5 kwa kila ml. Hii adrenalini kuipima kunataka utulivu, ampuli yetu ni mg 1 kwa ml 1, unaichukua unaizimua mara kumi kwanza, kisha unachukua ml 0.8 tu. Kazi yake kubwa kwangu ni ulinzi, nikiingiza kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya moyo unaruka kwenye monita kabla sijaingiza nyingi. Ml 16 hizo zikatoka na nguvu ya kama asilimia 0.375, inatosha kwa upasuaji, inachelewa tu kidogo.

Saa sita na robo mkono uko juu ya kichwa kama mtu anayejikinga jua. Kwenye kioo ateri ya kwapani inadunda duara jeusi, na pembeni yake neva zinaonekana kama sega la nyuki lililokatwa, mediani juu, alna upande wa pili, radiali chini kajificha nyuma ya ateri. Maskulokutania, neva ya nne, huyu hakai na wenzake, anatembea peke yake ndani ya msuli, na usipomtafuta mgonjwa atasikia upande wa gumba wote kati ya kiwiko na kifundo akakuita mwongo. Nikapeleka ml 4 kwa kila mmoja, navuta kwanza, naingiza ml 2, nasimama, namwangalia usoni, namwuliza mdomo ukoje, naingiza nyingine. Dawa ikienda vizuri unaona giza linaizunguka neva kama maji ya mvua yanavyozunguka jiwe. Radiali ilinisumbua, sindano ilibidi niitoe nje na kuanza upya, kijana akasema "aisee" mara moja tu.

Halafu ile kungoja. Dakika tano hakuna kitu. Dakika kumi mkono umeanza kupata joto, mishipa ya mgongo wa kiganja imesimama, hiyo ndo dalili ya kwanza naipenda kuliko zote kwa sababu haidanganyi. Dakika kumi na tano pamba ya spiriti haisikii baridi kwenye kidole kidogo. Dokta anachungulia mlangoni, namwonyesha vidole viwili. Dakika ishirini na tano mkono umeanguka. Akaushika kwa ule wa kushoto akaunyanyua, akaniangalia, "sista, huu mkono ni wa nani?" Thieta nzima ikacheka.

Jambo moja nililiacha kwa makusudi. Ngozi ya ndani ya mkono wa juu, pale kafu ya kubana inapokaa, haipati neva kutoka kwenye lile fungu la kwapani, inapata kutoka kifuani, na watu huwa wanamwaga ml 3 au 4 za lignokeini chini ya ngozi pale. Nilikuwa nazitamani. Lakini hata mg 30 zingenivusha ukuta wa hesabu, mi nilishafika 97 kwa 100. Nikaweka pamba nene chini ya kafu nikamwambia dokta tafadhali dakika chache kadri unavyoweza. Dakika 50 kijana akaanza kuhema na kusema bega linamvuta, nikampa ketamini mg 10 kwenye mshipa, akawa anaangalia taa ya thieta na kutabasamu, kafu ikaachiwa dakika 65. Kwenye kidonda ganda la neva lilikuwa limechanwa upande mmoja, sehemu kubwa ya mediani iko nzima, kano mbili zimekatika kabisa. Vikashonwa, plasta ya nyuma ikawekwa, kombeo.

Hapa ndo huwa tunasifu bupivakeini tukapiga picha na kuondoka. Mi nawaambia saa za baada ya hapo ndo bei yake halisi. Mkono uliolala kwa muda wa saa kumi na mbili ni mzigo wa mtu. Saa moja jioni nikapita wodini nikamkuta amelalia ule mkono, vidole vimebanwa kati ya kitanda na chuma cha pembeni, vimeanza kuwa bluu, yeye anapiga stori na mama yake hana habari. Na mama kaweka chupa ya uji wa moto godoro hilo hilo. Kosa langu, nilimwambia mgonjwa asiutumie mkono, sikumwambia mama. Tukautoa, tukauweka juu ya mto, rangi ikarudi, nikamweleza mama kwa taratibu kwamba huu mkono leo ni kama mtoto mchanga, hauwezi kulia. Ndo maana sikubali mgonjwa wa bupivakeini aruhusiwe jioni kwenda kupika kwenye jiko la mkaa, na mtu ambaye mkono wake unaweza kuvimba ndani ya plasta ganzi ndefu inaficha ile kelele ya kwanza. Kwa kidonda kingine, mfupa wa kati ya kiwiko na kifundo uliosagika kwa mfano, huenda ningechagua lignokeini fupi kwa makusudi ili maumivu yarudi mapema yatupe taarifa.

Dawa za kumeza nilikuwa nimempa maagizo, parasetamoli na ibuprofeni saa tatu usiku, maumivu yawepo yasiwepo. Saa saba usiku nikapigiwa simu, kijana analia. Nikaenda. Vidonge viko chini ya mto, vyote vinne. "Sasa sista saa tatu nilikuwa siumwi, ningemeza za nini?" Na kweli, ukimwangalia kwa akili yake yuko sahihi, ni mimi sikumwambia kwamba bupivakeini ikiondoka haiagi, inakuachia maumivu yote kwa mkupuo. Tangu hapo namkabidhi ndugu vidonge, na nesi wa zamu anavisimamia mpaka vimezwe.

Asubuhi mkono umeamka wote. Kidole kidogo kipo, cha pete kipo, gumba linakuja bila nguvu. Dokta akapita raundi, akagusa kidole cha shahada, kijana akasema anasikia kwa mbali. Dokta akanigeukia mbele ya wanafunzi wote, "sista, hii si sindano yako ya kwapani kweli?" Sikujibu, nikafungua faili ukurasa wa jana, saa sita mchana, nikaweka kidole chini ya neno soksi na sahihi yake.